Pilikapilika Si Kazi

Pita asubuhi Mchafukoge, jijini Dar es Salaam, ukielekea soko la Kariakoo. Mikokoteni inaomba njia, wamachinga wanatandaza bidhaa, madalali wanapokezana simu. Muulize kijana mmoja anafanya nini mjini, atakujibu: "Mishemishe tu."

Neno hilo lina heshima yake. Linamsitiri mtu ambaye riziki yake haina jina moja, asubuhi dalali, jioni mchukuzi. Lakini siku hizi linasitiri pia jambo ambalo wazee walilikemea kwa jina la kiherehere: kukurupuka kabla ya kutafakari, kujitia katika kila shughuli bila kujua mwisho wake. Aibu ya jana tumeigeuza sifa.

Jina la Kariakoo lenyewe lingetosha kutuonya. Limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi wale walitembea mno, wakabeba mno, na maelfu yao wakafa kwa maradhi na uchovu. Jasho lilikuwa lao, faida haikuwa yao. Wingi wa mwendo haujapata kuwa wingi wa mapato.

Mwaka 2025 Kariakoo ilizinduliwa biashara ya saa 24. Ni jambo jema, kwa kuwa soko linaweza kukesha kwa watu kupokezana zamu. Mtu mmoja hawezi. Anayeshinda na kukesha sokoni, akila mtaji akidhani ni faida, atajikuta na deni na homa kwa pamoja.

Yuko atakayesema kwamba maskini hana nafasi ya kutulia. Namjibu kwamba maskini ndiye anayehitaji utulivu zaidi, maana tajiri akipotea njia ana akiba ya kumrudisha. Mwenye mtaji wa siku moja hana. Haraka haraka haina baraka, na hasara yake humwanza mnyonge.

Basi vijana, nunueni daftari. Andikeni kilichoingia, kilichotoka na muda uliotumika. Tengeni saa ya kulala na siku ya familia. Wenye maduka, wafundisheni vijana wenu hesabu, si mbio peke yake. Na shughuli ambayo daftari linaonyesha haina tija, iacheni leo, hata kama ndiyo inayowapa jina la wachakarikaji.