MAJI MACHAFU NA SAFARI YAKE



Kule Mabogini, kusini ya mji wa Moshi, mpunga ndio maisha ya watu. Mifereji mikubwa ya skimu ya Lower Moshi ilimalizika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, lakini maji ya mito hayakuwatosha wakulima wote. Hapo hapo Mabogini yako mabwawa yanayopokea maji machafu ya mjini. Na yale yatokayo, wakulima huyapeleka mashambani.

Huenda utauliza: “Je, maji ya chooni yaweza kukuza chakula?” Yaweza, kwa sharti moja: yamalize kwanza safari yake. Safari yenyewe ni hii.

Katika mabwawa ya namna hii, la kwanza huwa na kina cha mita 2 hata 5. Uchafu mzito huzama, na vijidudu visivyohitaji hewa huula. La pili si refu sana kwenda chini, na maji yake ni ya kijani. Usidhani yameoza: ule ni mwani mdogo mno, ambao kwa nguvu ya jua hutoa oksijeni, na vijidudu vingine hupata pumzi ya kumaliza uchafu uliobaki. Mwisho ni mabwawa ya kina kifupi, ambamo jua hupenya na kuua vidudu vya maradhi. Mayai ya minyoo nayo huzama maji yakitulia. Hakuna mashine kubwa. Kazi ni ya jua, hewa na siku nyingi za kungoja.

Basi, mtu atoboaye bomba au achotaye bwawa la kwanza kwa kuwa mpunga wake unakauka, anajipelekea shambani homa ya matumbo, kipindupindu na minyoo. Mayai ya minyoo huweza kukaa udongoni miaka. Tena haumwi yeye peke yake: yuko mtoto achezaye mferejini, na jirani anunuaye mboga zake. Ndiyo sababu mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba maji ya namna hii yasizidi yai moja la minyoo katika lita moja.

Hata maji yaliyosafishwa yana adabu yake. Vaa mabuti. Nawa kwa sabuni kabla ya kula. Usiyanywe, wala usiyaoshee mboga, wala usimwagilie kachumbari na vyote viliwavyo vibichi. Mpunga ni afadhali, maana wali hupikwa. Tena punguza mbolea ya dukani, kwa kuwa maji haya yana mbolea yake. Ikizidi, mpunga hujaa majani kisha hulala chini.

Wenye mabwawa nao wana wajibu. Tope likijaa, nafasi hupungua, na maji hupita upesi kabla hayajasafika. Hapo mkulima mwaminifu huumia bila kosa.

Kwa hiyo, wewe mwenye shamba karibu na mabwawa, ungana na wenzako mwende kwa mamlaka ya maji. Ulizeni mambo mawili: mfereji upi watoka bwawa la mwisho, na tope liliondolewa lini? Msifungulie maji mashambani kabla ya kujibiwa. Mpunga wa msimu mmoja waweza kupandwa tena. Mtoto akizikwa, amezikwa.