Joto la Bangkok lisimwangushe mtoto hekaluni

Mahekalu ya Wabudha jijini Bangkok, Thailand, huvutia wakubwa kwa wadogo. Sanamu ya Buddha aliyelala katika hekalu la Wat Pho pekee ina urefu wa mita 46. Hata hivyo, familia inayopanga kuyazunguka kwa siku moja ikumbuke kuwa jiji hilo lina joto kali, hasa Aprili, na anayelemewa mapema ni mtoto.

Mzazi aliyekulia Dar es Salaam au Mombasa anaweza kudhani familia yake imeshazoea. Lakini kukaa kwenye joto ni tofauti na kutembea juani kwa saa kadhaa. Hewa ikiwa na unyevu mwingi jasho halikauki upesi, hivyo mwili haupoi. Mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima, naye akikolea kushangaa hakumbuki kusema ana kiu.

Kinga ya kwanza ni ratiba. Kasri la Mfalme, lenye hekalu la Wat Phra Kaew ndani yake, hufunguliwa saa 2:30 asubuhi. Nyua zake zina kivuli kidogo, hivyo familia ianzie hapo, kisha Wat Pho iliyo jirani. Kuanzia saa 5 hadi saa 9 ni muda wa kula na kulala mahali penye ubaridi. Jua likipungua, ndipo ivuke Mto Chao Phraya kwa boti kwenda Wat Arun. Mtoto akionekana kuchoka, hekalu hilo lisubiri kesho.

Mabega na magoti sharti yafunikwe, hivyo nguo pana za pamba nyepesi zinafaa. Viatu huvuliwa mlangoni, na mawe yaliyopigwa na jua huunguza nyayo. Beba soksi.

Mtoto apewe maji kidogo kidogo kila baada ya dakika 15 hadi 20, hata kama hajaomba. Wa chini ya miezi sita anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Anayebebwa mgongoni hupata pia joto la mbebaji, hivyo ashushwe kivulini mara kwa mara.

Akilalamika kichwa, kichefuchefu au kizunguzungu, safari isimame. Apelekwe penye ubaridi, apunguziwe nguo, afutwe kwa kitambaa chenye maji, apepewe na anywe taratibu.

Akianza kuweweseka, kupata degedege au kupoteza fahamu, hiyo ni dharura. Piga 1669, namba ya huduma za dharura za matibabu nchini Thailand, na umloweshe mwili kwa maji huku ukimpepea. Usimnyweshe chochote. Paracetamol haisaidii hapa, kwa kuwa joto hilo si homa ya ugonjwa. Kinachomwokoa ni kupozwa haraka, kabla hata gari la wagonjwa halijafika.