Hiyo si mshipa, wasee

Mchezaji akianguka akishika nyuma ya goti, lazima utasikia: "Ni mshipa umevutika." Kisha mtu anapiga magoti, anamimina dawa ya kuchua, na kidole gumba kinaingia. Kwa nguvu.

Hilo neno limenichosha. Mshipa gani? Mtaani mshipa ni wa damu, ni neva, ni chochote chenye umbo la kamba. Ile kamba unayoshika nyuma ya goti ni kano, inayofunga msuli kwenye mfupa. Jina ni muhimu kwa sababu hapo nyuma kano, neva na ateri zinabanana kama watu wa bedsita moja.

Jaribu sasa hivi. Kaa kitini, kunja goti, kandamiza kisigino sakafuni kama unakivuta nyuma. Upande wa nje utashika kano nene ya bisepsi femorisi. Ifuate hadi kwenye kinundu cha mfupa, chini kidogo ya goti: hicho ni kichwa cha fibula. Kando ya kano hiyo inashuka neva, halafu inazunguka shingo ya fibula ikiwa karibu sana na ngozi. Ndiyo inayokuwezesha kuinua wayo. Ikiumia vibaya, unatembea ukiburuta vidole. Sasa rudisha akili kwa kile kidole gumba.

Upande wa ndani, ile nyembamba inayotokeza ni semitendinoso. Hiyo ndiyo naipenda. Msuli wake uko nyuma ya paja, lakini kano inapita goti, inazunguka na kujishika upande wa mbele wa mfupa wa ugoko, kwa ndani. Kwa hivyo mtu anaweza kuumwa pale mbele na shida ikawa kano ya nyuma. Madaktari wa upasuaji huitoa pia kutengeneza ACL mpya. Jirani yake, semimembranoso, ni pana na imejificha chini.

Sikumaliza chuo, na sikuwa nasomea udaktari, so msinitumie picha za magoti inboksi. Na najua fizio ni pesa. Lakini kuuliza ni bure. Kabla ya kuchua, mwambie mchezaji ainue wayo. Akishindwa, ama asema juu ya mguu kuna ganzi, weka hiyo chupa chini mtafute gari ya hospitali.