Mwacha asili ni mtumwa, aliyenyang'anywa je?

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Methali hii twaitumia sana hapa mwambao, barazani na arusini, na aghalabu twaitumia kumkaripia kijana aliyejisahau akawapa kisogo jamaa zake. Leo twapenda wasomaji wetu waitazame kwa jicho jingine, kwa kuwatazama watu wa Marekani ambao wanatafuta mababu zao ndani ya makaratasi.

Watu hao ni wengi, na wengi wao hawatafuti wafalme wala matajiri. Wanatafuta wakulima. Wazungu wa mwanzo waliovuka bahari wakafika Jamestown mwaka 1607 na Plymouth mwaka 1620 iliwabidi washike jembe ili waishi. Katika abiria 102 waliosafiri na jahazi ya Mayflower, karibu nusu yao walikufa katika baridi ya kwanza. Waliosalia walipanda mahindi na kufuga ng'ombe, na kwa miaka mia mbili na zaidi iliyofuata, raia wa kawaida wa nchi hiyo alikuwa mtu wa shamba. Kwa hiyo Mmarekani anayeuliza, "Babu yangu alikuwa nani?" aghalabu hujibiwa na daftari la shamba.

Njia yenyewe ni ya subira. Mtafutaji huanza na walio hai: mama, shangazi, ami. Kisha hurudi nyuma kizazi kimoja kimoja, wala haruki. Ngazi kuu ni sensa, ambayo serikali yao imeifanya kila baada ya miaka kumi tangu mwaka 1790. Sensa hiyo ya kwanza ilikuwa bakhili wa maneno. Iliandika jina la mwenye nyumba peke yake. Wengine wote walihesabiwa tu kama mtu ahesabuvyo nazi: wanaume Weupe wa miaka 16 na zaidi, wanaume Weupe walio chini ya umri huo, wanawake Weupe, watu wengine walio huru, na watumwa. Mke hakutajwa, mtoto hakutajwa. Ilipofika mwaka 1850 ndipo kila mtu aliye huru alipoandikwa jina lake, umri wake, na mahali alipozaliwa. Mwaka 1880 wakaulizwa pia walikozaliwa baba na mama, na kila mmoja nyumbani ana udugu gani na mwenye nyumba.

Na kuanzia mwaka 1850 hadi 1880 kulikuwa na daftari la pili, ambalo sisi twaliona ni tamu kuliko la kwanza. Hili lilikuwa la mashamba. Karani alimwendea mkulima akaandika ekari alizolima na zilizo pori, thamani ya shamba lake, farasi wangapi, ng'ombe wa maziwa wangapi, maksai wangapi, kondoo wangapi. Ngano na mahindi aliyovuna mwaka ule, na hata ratili za siagi iliyopigwa nyumbani. Mjukuu wa leo akisoma safu hiyo amuona babu yake yu hai. Akisoma kwamba mzee alikuwa na maksai wawili na ng'ombe mmoja, ajua kwamba hakuwa tajiri. Akisoma ratili mia mbili za siagi, ajua kwamba bibi hakulala, ingawa siagi hiyo imeandikwa kwa jina la bwana.

Nyuma ya sensa kuna hati za ardhi na karatasi za mirathi, zilizowekwa katika korti za wilaya. Hati za zamani zilieleza mipaka kwa vitu vya pale pale: kutoka mti fulani hadi jiwe fulani, hadi kijito, hadi shamba la jirani fulani. Ndiyo sababu mtafutaji mwerevu huwaandika majirani pia, kwani vijana walioa kwa jirani. Mkulima akiuza shamba, mkewe alikuwa na haki yake ndani ya ardhi ile, akaitwa akubali mbele ya shahidi kuiacha. Kuna wanawake wengi ambao jina lao halipatikani popote isipokuwa siku hiyo moja waliyosema, "Nimekubali." Na mkulima akifa, majirani waliingia nyumbani wakaorodhesha mali yake yote: plau, godoro, sufuria, kitabu kimoja cha dini, ndama. Ukoo mzima waweza kujulikana kwa sababu watoto waligawana ndama.

Tusidhani lakini kwamba makaratasi hayasemi uwongo. Mitego ni mingi. Sensa ya mwaka 1890 iliharibika karibu yote kwa moto uliotokea Washington mwaka 1921, na korti nyingi za kusini zilipotea kwa moto, nyingine wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Hata karatasi iliyosalia hutatiza. Zamani majina mawili yakifanana kijijini, mmoja aliitwa Mkubwa na mwingine Mdogo, nao pengine si baba na mwana bali ami na mpwa, au hawana udugu kabisa. Tarehe nazo zina mashaka yake: mpaka mwaka 1752, Waingereza na makoloni yao walihesabu mwaka mpya kuanzia tarehe 25 Machi, hivyo mtoto wa Februari huonekana kazaliwa mwaka mmoja kabla ya wakati wake. Sisi tuliozoea kuhesabu kwa mwezi na kwa jua twalifahamu jambo hili upesi.

Mtego mkubwa kuliko yote umo moyoni mwa mtafutaji mwenyewe. Ni tamaa ya kupata babu mkubwa. Alikuwako mtu mmoja aliyejiita Gustave Anjou, mzaliwa wa Sweden wa mwaka 1863, aliyekaa New York akiwauzia matajiri wa Marekani nasaba za kubuni. Aliwaunganisha na masharifu wa Ulaya, akatengeneza wasia na rekodi za kanisa ambazo hazikuwako. Alikufa mwaka 1942, lakini uwongo wake ungali ukinukuliwa vitabuni. Babu zao wa kweli, wakulima wenye mikono migumu, walitupwa ili nafasi yao ikaliwe na mabwana wa hewani. Twauliza: ni heshima gani hiyo?

Hapo ndipo methali yetu yaturudia. Matajiri wale waliacha asili yao kwa hiari, tena kwa kulipa. Lakini wako Wamarekani wengine ambao hawakuacha chochote. Walinyang'anywa.

Mashamba ya tumbaku, mpunga na pamba yalilimwa na Waafrika watumwa. Hao nao walikuwa wakulima wa mwanzo wa nchi ile, na pengine walijua kilimo kuliko mabwana zao. Mjukuu wao akianza safari ya makaratasi hufika mwaka 1870, sensa ya kwanza iliyowaandika kwa majina baada ya kuachwa huru, kisha hugonga ukuta. Katika sensa za mwaka 1850 na 1860 watumwa waliandikwa katika daftari la peke yake: jina la bwana, kisha chini yake umri, mume au mke, rangi ya ngozi. Jina, aghalabu, hakuna. Mwanamke, miaka 30, Mweusi. Mvulana, miaka 8, Mweusi. Basi. Ili kumpata babu yake, mjukuu hulazimika kutafuta nasaba ya aliyemmiliki babu: wasia wake, hati zake za mauzo, orodha ya mali yake, ambamo mtu ameandikwa kando ya farasi na thamani yake kwa dola.

Si kwamba milango yote imefungwa. Ilikuwako benki ya watu walioachwa huru, iliyofunguliwa mwaka 1865 na kufungwa mwaka 1874. Benki ilianguka na wengi wakapoteza akiba yao, lakini madaftari yake yalibaki. Mwenye kuweka pesa aliulizwa majina ya baba, mama, mke, watoto na ndugu. Wengine walitaja ndugu waliouzwa mbali zamani, ambao hawakuwaona tena. Fedha zilikwenda, majina yakabaki, na leo ndiyo mali.

Wazee wetu wanalikumbuka jina la Alex Haley, Mmarekani Mweusi aliyetoa kitabu chake *Roots* mwaka 1976. Mwaka uliofuata kikaonyeshwa katika televisheni, na Wamarekani wa kila rangi wakakimbilia maktaba. Haley alisema amemfuata babu yake, Kunta Kinte, mpaka kijiji cha Juffure katika Gambia. Baadaye wajuzi wa nasaba walizipekua karatasi za Virginia wakasema hazikubaliani na kitabu. Wengine walikasirika kwa hukumu hiyo. Sisi twaona yote mawili yana haki: Haley aliwapa watu hamu, na wajuzi wakawapa mizani. Hamu bila mizani humzaa Anjou.

Kwa sisi Waislamu wa pwani, kuna habari moja katika haya ambayo yatugusa zaidi. Katika kisiwa cha Sapelo, jimbo la Georgia, alikuwako mtumwa aliyeitwa Bilali Muhammad, mtu wa Futa Jallon, aliyesimamia wenzake katika shamba kubwa la Thomas Spalding. Aliandika kwa Kiarabu kurasa 13 zinazohusu udhu na sala kwa madhehebu ya Imamu Malik. Kurasa hizo leo zimehifadhiwa na Chuo Kikuu cha Georgia, na kizazi chake kingalipo. Wazee wa pwani ile walipohojiwa miaka ya 1930 walisimulia jinsi mababu zao walivyosali, wakataja tasbihi na msala. Katika Carolina Kaskazini alikuwako Omar ibn Said wa Futa Toro, aliyetekwa mwaka 1807. Mwaka 1831 aliandika maisha yake kwa Kiarabu kwa mkono wake, na ndani yake akawataja masheikh waliomsomesha. Maandishi hayo yako katika Maktaba ya Bunge la Marekani tangu mwaka 2017. Karani wa sensa alitakiwa kuandika umri na rangi tu. Mtu mwenyewe akaandika kwao ni wapi na elimu kaipokea kwa nani.

Wala tusijidanganye kwamba mashamba yale yalikuwa mbali nasi. Kitambaa tulichokiita merikani kililetwa Unguja na Mombasa na wafanyabiashara wa Salem na miji mingine ya Massachusetts, hasa baada ya mkataba wa Seyyid Said na Marekani wa mwaka 1833. Kilifumwa kaskazini kwa pamba iliyochumwa kusini na watumwa. Bibi zetu walikivaa, na mizigo ya misafara ikahesabiwa kwa doti zake. Jina la nchi tulilijua kwa nguo, na mwenye mikono iliyochuma pamba hatukumjua, kwani hata katika daftari la kwao hakuwa na jina.

Kuna wengine waliokosekana katika hesabu. Mwaka 1862 serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya kumpa mtu ekari 160 za ardhi akikaa na kulima miaka 5. Faili za watu hao ni hazina: mashahidi wanaeleza nyumba ilivyojengwa, kisima kilivyochimbwa, mazao ya kila mwaka. Mjukuu hufurahi akiisoma, na ana haki. Lakini faili haina ukurasa wa kueleza kwamba ardhi ile ilikuwa ya wenyeji wa asili waliofukuzwa. Anayesoma karatasi hana budi kuuliza nani ameandikwa, na nani hakuandikwa, na kwa nini.

Swali hilo sisi wa mwambao wa Kenya twalijua kwa uchungu. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wapeleke madai ya ardhi zao. Ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa ya Serikali. Aliyekuwa na karatasi na aliyejua njia ya ofisi alisikizwa. Aliyekuwa na minazi ya babu na ushahidi wa majirani peke yake, mara nyingi alibaki mgeni juu ya shamba lake. Basi asituambie mtu kwamba kuandika nasaba na mali ni jambo la kujifaharisha.

Msimamo wetu ni huu. Nasaba ni amana, na amana haiongezwi wala haipunguzwi. Ajuaye kwamba babu yake alikuwa mkwezi, mvuvi, mkulima wa muhogo au mtumwa, na aseme hivyo hivyo, bila ya kumtafutia babu mwingine aliye mtukufu zaidi. Na methali yetu tuitumie kwa haki: mwacha asili alaumiwe, bali aliyenyang'anywa asili asaidiwe kuitafuta. Kuna familia hapa kwetu ambazo mababu zao waliletwa kwa nguvu kutoka bara, nazo husita kuuliza kwa kuogopa kuchekwa barazani. Kicheko hicho ni aibu ya mwenye kucheka.

Kazi yenyewe haitaki fedha nyingi. Wamarekani siku hizi husoma madaftari yao katika intaneti, lakini wote walianza kwa kumuuliza mzee aliye hai. Sikukuu ijayo, ukenda kumpa bibi mkono wa Idi, chukua daftari la shilingi chache. Muulize jina la mama yake, na la mama wa mama yake, maana hayo ndiyo ya kwanza kupotea. Muulize shamba lilikuwa wapi na jirani alikuwa nani. Andika na tarehe uliyoambiwa, na nani mwingine alikuwapo akisikia. Na zile hati za ndoa na za mashamba zilizo sandukuni, zitoe kabla ya mchwa kuzifikia, uzitie pahali pakavu.