Mionzi Ipewe Msaidizi

Katika mdahalo wa muhula huu mwenzetu mmoja wa Kidato cha Tano alisimama akasema kwamba habari za chembe za nano ni anasa ya mataifa tajiri, na sisi wenye mashine chache za kutibu saratani kwa mionzi yatupasa kungojea mashine kwanza. Alipigiwa makofi mengi. Muda ulikwisha kabla sijamjibu, basi namwomba Bwana Mhariri anipe nafasi hapa.

Kwanza yafaa tuijue kazi yenyewe. Mionzi hupenya mwilini, na sehemu yake kubwa hupita tu bila kuugusa uvimbe. Daktari naye hawezi kuongeza kipimo apendavyo, kwa maana nyama nzima iliyo jirani huumia. Ndipo wataalamu walipowaza kuutia uvimbe kitu cha kuinasa mionzi hiyo. Madini mazito huinasa vizuri kuliko nyama, kisha hurusha elektroni zinazojeruhi seli zilizo karibu. Chembe zenyewe ni ndogo mno: ukiigawa milimita moja mafungu milioni, fungu moja ndilo nanomita. Mwaka 2004 wataalamu wa Marekani waliwadunga panya wenye uvimbe chembe za dhahabu za nanomita 1.9, wakawapiga mionzi. Baada ya mwaka mmoja 86 katika kila 100 walikuwa hai. Katika wale waliopata mionzi mitupu, 20 tu. (Na dhahabu tunaichimba hapa hapa, Geita!)

Lakini panya si mtu. Kampuni moja ya Ufaransa ilitengeneza chembe za oksaidi ya hafniamu, ambazo hudungwa ndani ya uvimbe mara moja tu kabla ya mionzi. Zilijaribiwa kwa wagonjwa 180 wenye saratani ya nyama laini, na matokeo yakatolewa mwaka 2019. Uvimbe ulipokatwa na kupimwa, waliokutwa karibu seli zote za saratani zimekufa walikuwa 16 katika 100, na bila chembe walikuwa 8. Ni mara mbili, lakini bado ni wachache.

Najua mwenzangu atasema, "Waona sasa!" La, asiharakishe. Msaidizi wa mionzi si chembe peke yake. Iko dawa ya sisplatini, itokanayo na madini ya platini. Mwaka 1999 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani iliwahimiza madaktari waitoe pamoja na mionzi kwa wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi, kwa kuwa majaribio matano yalionyesha hatari ya kufa ikipungua kwa asilimia 30 hadi 50. Saratani hiyo ndiyo inayowapata zaidi mama zetu na dada zetu wa Tanzania. Kweli dawa hiyo huweza kuharibu figo, na mgonjwa hutiwa maji mengi mshipani. Lakini haidai mashine mpya. Huko Denmaki nako vidonge vya nimorazoli huzidhoofisha seli za uvimbe zilizokosa oksijeni, ambazo ndizo sugu kwa mionzi.

Mwenye mashine kumi aweza kupuuza msaidizi. Sisi, ambao mgonjwa wetu husafiri kutoka Kigoma mpaka Ocean Road, Dar es Salaam, na kukuta foleni, twahitaji kila siku ya mionzi ifanye kazi kubwa iwezekanavyo. Namwomba mwenzangu anijibu katika toleo la muhula ujao.