Lami tunayo, mbona bado tunazikana?

Msomaji, sema ukweli. Mara ya mwisho ulipopanda bodaboda ulivaa helmeti? Wacha nikujibie: hapana. Ile moja iliyokuwepo ilining'inia kwenye usukani, ikingoja kuonyeshwa trafiki.

Mwaka jana nilipanda basi kutoka Nairobi hadi Kigali kupitia Kampala. Mpaka Uganda mambo ni yale yale, tunaendesha kushoto. Ukivuka Gatuna kuingia Rwanda, basi linahamia kulia, na dereva naye anahama tabia. Jamaa aliyekuwa akipita malori kwenye kona huku akina mama wakiomba Mungu, ghafla amekuwa mpole kama bwana harusi. Tuliposhuka Nyabugogo nikamuuliza kulikoni. Akacheka: "Huku kamera haili kitu kidogo, kijana."

Sisi Wakenya hupenda kulaumu mashimo. Sawa, yapo, hata kwetu mtaani yapo. Lakini Thika Superhighway haina hiyo shida, leni nane tangu 2012, na bado watu wanagongwa wakivuka chini ya daraja la wapita njia. Kabla hujawaita wajinga, jaribu kupanda daraja hilo saa tatu usiku, giza totoro, simu mfukoni. Kuna anayeamua heri gari kuliko kisu.

Sheria nazo tunazo. Mwaka wa 2004 marehemu John Michuki alileta mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na matatu zikanyooka. Wakubwa zetu husimulia hadi leo. Sasa mkanda tunaufunga makanga akipiga kelele, "Polisi mbele!" Tukipita kizuizi, tunaufungua. Mimi na wewe, si dereva pekee. Halafu kila mwaka tunazika zaidi ya watu 4,000 kwa ajili ya barabara. Juni 30, 2023, pale Londiani, lori moja liliua zaidi ya watu 50, wachuuzi na abiria waliokuwa wamesimama tu kando ya barabara. Baadaye wachuuzi wakaambiwa wahame. Wahamie wapi, na mteja yuko steji?

Kule Kigali, mwendesha pikipiki alinipa helmeti hata kabla hatujapatana bei. Rafiki yangu alipotaka tubanane, akakataa katakata: abiria ni mmoja. Saa nne usiku, taa nyekundu, barabara tupu, akasimama. Nilikaribia kumwambia, "Twende bwana, hakuna mtu."

Usidhani nimetumwa kuwapigia debe. Nchi yao ni ndogo, kuisimamia ni rahisi zaidi, na madereva wao wanalia na faini. Lakini faini ikikupata, haina kujadiliana dirishani na noti ya mia mbili iliyokunjwa. Kwetu, bei ya kosa unaipanga wewe na afande. Kwa bei hiyo, nani atapunguza mwendo?

Niliporudi nilimnunulia ndugu yangu mdogo helmeti ya pili, maana anaendesha nduthi Kawangware. Siku ya kwanza abiria watatu waliikataa. Mmoja alisema itamharibia nywele, mwingine akauliza kama inanuka, wa tatu akapanda pikipiki ya jirani. Ndugu yangu akahesabu hasara, akairudisha nyumbani. Iko juu ya kabati, bado ina karatasi yake ya nailoni.