Askari wa kwenye video na askari tunaoishi nao



Ndugu wasomaji, likizo za shule ndizo siku za neema kwa wenye vibanda vya video. Hapa Rumonge, ukitoka sokoni ukiteremka ziwani kwenye mashua za ndagala na mukeke, utasikia milio ya bunduki ikitoka nyuma ya mabati tangu asubuhi. Vijana wetu wa chuo huingia humo, na baada ya Alasiri wanapokuja kusoma huileta sinema yote uani kwetu. Wanagawana pande mbili, fimbo zinakuwa bunduki, na kila mmoja anataka awe staringi.

Majuma machache yaliyopita tuliwakuta wanagombana. Mtoto aliyepangiwa kufa alikuwa amekataa kufa. Tukawauliza, kwani staringi hafi? Wakacheka, wakatujibu kwa pamoja: "Staringi hafi, Ustadh!" Mmoja tu hakucheka. Baba yake alikuwa vitani kweli, katika vita vyetu wenyewe, na huyo mtoto alituambia baadaye kwamba nyumbani kwao ni marufuku kumuuliza baba habari hizo.

Tusieleweke vibaya. Hatuandiki ili kusema video zote zichomwe. Sisi wenyewe, tuliokuwa watoto vita vilipoanza mwaka 1993, tulikua na mikanda hiyo hiyo, na uongo haufai kwa mwalimu. Tumecheka na sauti za watafsiri kama Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya, ambao hugeuza sinema ya Kizungu ikawa ya kwetu. Lakini hebu tujiulize: mtu anaanguka amepigwa risasi, mtafsiri anatia mzaha, kibanda kizima kinaangua kicheko. Mtoto wa miaka tisa anajifunza nini hapo kuhusu roho ya mwanadamu?

Tunalolalamikia ni kwamba sinema ya vita humwonyesha askari pale tu anapopiga risasi. Hana mama, haharishi, mshahara wake haucheleweshwi, wala hatumwoni akikaa miezi minne analinda daraja lisilopitwa na mtu. Na vita vikiisha na sinema imeisha, wakati kwa askari wa kweli hapo ndipo mambo mengi yanapoanza.

Ajabu ni kwamba hata sinema zikisema ukweli, sisi tunachagua kutousikia. Nani hapa asiyemjua Rambo? Lakini sinema yake ya kwanza, First Blood ya mwaka 1982, si habari ya shujaa. Ni habari ya askari aliyerudi kutoka Vietnam akakuta wenzake wamekufa, hana kazi, na polisi wa mji mdogo wanamfukuza kama mzururaji. Anaufa ndani yake ni mmoja tu. Mwishoni yule jitu la misuli linakaa chini na kulia mbele ya mkubwa wake wa zamani, halafu linajisalimisha. Tuliwauliza vijana wetu kama wanakumbuka kilio hicho. Hakuna aliyekumbuka, wanakumbuka kisu na ile bunduki kubwa. Na watengenezaji nao waliona pesa iko wapi, kwani mwaka 1985 walimrudisha Vietnam akashinda peke yake, na mwaka 1988 wakampeleka Afghanistan kupigana bega kwa bega na Waislamu dhidi ya Warusi. Haikupita miaka 15 Waafghani wale wale, kwa vilemba vile vile, wakawa maadui wa kwenye skrini. Mwenye kamera ndiye anayeamua nani ni shujaa mwaka huu.

Ziwa letu hili nalo limewahi kufanywa sinema. The African Queen ya mwaka 1951 ilitokana na kitabu kilichochukua habari za vita vya mwaka 1915 na 1916 hapa Tanganyika, Mjerumani upande huu, Mbelgiji na Mwingereza upande ule. Katika sinema Mzungu na bibi mmoja wanaizamisha manowari ya Wajerumani kwa bomu walilolitengeneza wenyewe. Katika ukweli, meli ile kubwa, Graf von Götzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na Kigoma mwezi Julai 1916 walipokuwa wanakimbia. Ikaibuliwa mwaka 1924 na kuitwa Liemba. Waingereza nao walileta mashua zao mbili za vita kutoka London, zikakokotwa porini Katanga na Waafrika waliofyeka njia kwa mikono. Hao hawaonekani. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza katika vita vya Afrika Mashariki hutajwa kuwa karibu 95,000, wengi wao kwa maradhi na njaa. Hakuna aliyewatengenezea sinema.

Na meli ile iliyozaliwa wakati wa vita, mwezi Mei 2015 ndiyo iliyowabeba ndugu zetu Warundi waliokimbilia Kagunga, kipindupindu kimewaingia, ikawapeleka Kigoma. Bibi kizee mmoja wa mtaani kwetu alipanda Liemba siku hizo. Hakujua kama ilikuwa meli ya vita. Yeye anakumbuka jua na watoto waliokuwa wanaomba maji.

Che Guevara naye alivuka ziwa hili kutoka Kigoma mwezi Aprili 1965, akakaa miezi saba ng'ambo huko Fizi. Aliumwa tumbo na pumu, akasubiri sana, akaondoka bila ushindi. Alipotengenezewa sinema ndefu mwaka 2008 ikawa na sehemu mbili, Cuba na Bolivia. Kongo ikarukwa!

Sasa tuje kwenye sinema inayotugusa zaidi sisi Waislamu wa Burundi. Black Hawk Down ilitoka mwaka 2001, inahusu mapigano ya Mogadishu ya tarehe 3 na 4 Oktoba 1993. Ilipigwa Morocco. Wamarekani 18 waliuawa katika mapigano yale, na sinema inatujulisha majina yao, picha za wake zao, hata utani wao. Wasomali waliouawa walikuwa mamia, na humo ndani ni kundi tu linalokimbia na kupiga kelele, hawana majina wala nyumba. Na jambo moja vijana wetu hawalijui: usiku ule waliokwenda na magari ya deraya na vifaru kuwatoa Wamarekani walikuwa ni askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Malaysia na Pakistan, wengi wao Waislamu, na Mmalaysia mmoja alikufa. Sinema inawapitia haraka mno.

Miaka 14 baadaye, Desemba 2007, askari wa Burundi wakatua Mogadishu hiyo hiyo chini ya Umoja wa Afrika. Waliendelea kwenda kwa zamu hadi kikosi kipya kilipoanzishwa mwaka 2025 bila ya Burundi. Kwa hiyo Mogadishu kwetu si jina la kwenye kanda. Tarehe 17 Septemba 2009 mabomu ya kujitoa mhanga yalimuua Meja Jenerali Juvénal Niyoyunguruza, Mrundi, naibu kamanda wa kikosi kile, pamoja na askari wake. Leego, mwezi Juni 2015, kambi ya Warundi ilivamiwa asubuhi na makumi wakafa. Vijana wengi walikwenda kwa sababu posho ya mwaka mmoja kule ilitosha kujenga nyumba ya matofali, na hatuwalaumu. Lakini mwaka 2016 posho hizo zilikwama kwa miezi mingi, Umoja wa Ulaya na serikali wakivutana juu ya njia ya kuzilipa. Fikirini mtu yuko kwenye handaki Somalia, mke wake anakopa mchele Rumonge, na wote wawili hawajui pesa iko wapi. Ipo sinema gani ya namna hiyo?

Wapo vijana wetu wa Kiislamu waliotuuliza, je, itakuwaje nikienda kupigana na mtu anayeswali kama mimi? Swali hilo ni zito, na wanachuoni wana maneno marefu juu yake. Sisi tunasema tu kwamba mwenye kuuliza swali hilo ameshatoka kwenye sinema. Aliyefika na wazo la staringi hana nafasi ya kuliuliza.

Dini yetu haikumficha askari namna hii. Mtume wetu (s.a.w.) aliwakataza maswahaba wasitamani kukutana na adui, akawaamrisha wamwombe Allah afya na salama, na wakikutana naye ndipo wasubiri. Hao walikuwa mashujaa wa kweli, na bado waliambiwa wasitamani. Qur'ani tukufu nayo, inapotaja kufaradhishwa vita, inakiri kwamba nafsi inavichukia. Na imepokewa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa akizunguka Madina usiku alimsikia mwanamke analalamika kwa upweke, mumewe yuko jeshini. Akamwendea binti yake Hafsa (r.a.) kumuuliza mwanamke aweza kumsubiri mumewe muda gani. Baada ya hapo akaweka mpaka, askari asikae mbali na mkewe zaidi ya miezi minne, na kuna riwaya isemayo sita. Tazameni, khalifa mwenye majeshi Sham na Iraq anamfikiria mwanamke mmoja aliye nyuma ya mlango uliofungwa!

Turudi kwa yule mtoto ambaye baba yake haulizwi. Mji huu una watu wengi kama baba yake. Mwaka 1972 moto uliwaka hapa hapa, tarehe 29 Aprili, Rumonge na Nyanza-Lac, ukafuatiwa na mauaji yaliyowapeleka wazee wetu Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Kisha vikaja vita vya 1993. Wapo waliokuwa jeshini, wapo waliokuwa msituni, wapo raia waliopewa bunduki na kuitwa walinzi wa amani, bila mshahara. Kuanzia 2004 watoto takriban 3,000 walivuliwa sare na kurudishwa makwao. Wale watoto leo ni wanaume wenye umri unaokaribia wetu. Wanaendesha pikipiki, wanakamua mawese, wanaswali nasi safu moja. Nao wamenyamaza.

Sisi tunadhani kunyamaza huku ndiko kunakokipa kibanda cha video nguvu yake. Mtoto lazima ajue vita ni nini, kwani anaona makovu, anasikia majina ya waliokufa kwenye dua za arubaini. Akikosa jibu kwa baba atalipata kwa Rambo.

Tumewaambia wazazi hivi na baadhi wamekataa. Mzee mmoja tunayemheshimu alituambia, "Maalim, mnachokoza kidonda. Mkianza habari za nani alimpiga nani, kesho watoto watatengana uani kwenu." Tumelifikiria sana neno lake na hatulidharau. Kwa kweli kuna mambo hayapaswi kusemwa mbele ya watoto, na kuna baba ambaye akianza kusimulia hatalala usiku wiki nzima, huyo asilazimishwe. Ila mtu anaweza kusimulia njaa bila kutaja kabila la yeyote. Aliyekuwa jeshini na aliyekuwa msituni walinyeshewa na mvua moja.

Basi Alhamisi iliyopita ndugu mmoja alikubali kuja chuoni. Alichukuliwa na waasi akiwa na miaka kumi na mitatu. Alikaa kwenye mkeka na wanafunzi, akazungumza kiasi cha nusu saa, na sehemu kubwa ilikuwa juu ya maharage. Waliyala mabichi nusu, kwa sababu moshi wa kuyaivisha ungeonekana na helikopta. Akaeleza buti za mvua alizopewa, kubwa mno, zilivyomtoa ngozi kisiginoni, na jinsi alivyobeba sufuria miezi mitano kabla ya kushika bunduki. Wakamuuliza ameua wangapi, tulijua watauliza. Akatuangalia sisi, kisha akawaambia hilo ni kati yake na Mola wake. Wakamuuliza mama yake alisema nini aliporudi. Akasema hakumtambua.

Yule mtoto wa mwanzo alikuwepo. Hatujui kama amezungumza na baba yake, wala hatujamuuliza.

Ndugu huyo ameahidi kurudi Alhamisi ya pili ya mwezi ujao baada ya Alasiri, inshaallah, na wazazi wa kiume na wa kike wanakaribishwa kukaa nyuma na kusikiliza. Mwenye kubeba silaha siku zile, upande wowote, na akaona anaweza kusema neno mbele ya watoto, atuone msikitini baada ya Isha. Tutazungumza naye kwanza peke yake.

Wabillahi tawfiq.